Kipindo cha Kushoto

Asubuhi ile ndege ya Shirika la Mbayuwayu ilipoanza kujivuta kuelekea njia ya kurukia, watu wa jiji la Njia Panda walijaa kwenye varanda za maghorofa yao. Hawakuja kuangalia ndege. Ndege ilikuwa kuukuu, ya enzi za bibi zao, na kila mtu alishaiona mpaka akaichoka. Walitaka kuona ncha za mabawa zikiamka.

Na zikaamka kweli! Ncha ya kulia ilijikunja taratibu kuelekea juu, ikasita, ikajilaza nyuma kidogo, kisha manyoya yake ya chuma chepesi yakaachana moja moja kama vidole vya mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Ya kushoto ikafuata. Mota zake ndogo zililia trrr, trrr, na kwenye varanda ya juu kabisa mwanamke mmoja akapiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia.

Kitu hicho kiliitwa kipindo, na tuelewane mapema kabla hatujapaa. Usianze na ndege; anza na kanga. Kanga usiyoipinda hufumuka nyuzi kwenye ncha. Bawa nalo hufumuka, ila kinachofumuka ni hewa. Hewa ya chini ya bawa ina msukumo mkubwa kuliko ya juu. Sasa ikifika kwenye ncha na kuona upenyo, hukimbilia juu, hujizungusha, na kuiachia ndege visulisuli viwili vya kuburura safari nzima. Visulisuli hivyo havilipi nauli, lakini mafuta vinakula. Wahandisi wa zamani walilijua hilo, wakazipinda ncha za mabawa kuelekea juu, na mashirika ya ndege yakashangilia. Yalikuwa na haki ya kushangilia. Tatizo ni kwamba ncha zile zilikuwa kama mlingoti: upepo ubadilike usibadilike, zenyewe zimesimama vilevile.

Kipindo cha Mhandisi Nakijwa Mgonja kilikuwa hai. Kilisheheni vihisi vidogo kuliko punje za ulezi, kikaisikia hewa inavyopita, na kikajipinda upya kila upepo ulipogeuka. Vipindo vyote viwili viliongozwa na akili unde moja iliyozaliwa na kulelewa katika karakana ya Mbayuwayu. Kwa sababu ya ile trrr, trrr, mafundi waliipa jina la Cherehani.

"Nani mwingine angetumia ujana wake wote kubuni chombo cha kubana mafuta," alisema Kapteni Aikaeli Lyatuu, huku akivua viatu na kuweka miguu yenye soksi juu ya pedeli, "kama si Mpare?"

"Na nani mwingine angekubali kukirusha kama si Mchaga aliyesikia kuna posho?" Nakijwa akamjibu bila kuinua macho kwenye vioo vyake vya vipimo.

"Wewe siku ukifa utaomba jeneza la kuazima."

"Na wewe hatutahangaika kumwita daktari. Tutaangusha sarafu sakafuni, usipogeuka, tunazika."

Nyuma yao Mkaguzi Mutinta wa Baraza la Anga, mama mtaratibu aliyewasili kutoka Lusaka jana yake, aliacha kufunga mkanda. Alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni kama wakaguzi wote wa bara, lakini chuo hakikumwandaa kwa maneno haya.

"Samahani," alisema. "Kama ninyi wawili mna ugomvi, naweza kuahirisha jaribio."

Wakaangua kicheko kwa pamoja.

"Hatuna ugomvi, Mama Mkaguzi," Nakijwa alisema. "Sisi ni watani. Mimi ni Mpare wa Usangi, yeye Mchaga wa Marangu, milima yetu inatazamana. Anaweza kuniambia lolote, na mimi siruhusiwi kununa. Nikinuna, nimeshindwa."

"Hata akikutukana?"

"Hapo ndipo panaponoga," ilijibu sauti ya tatu kutoka kwenye spika iliyokuwa juu ya vichwa vyao. "Karibu, Mama Mkaguzi. Mimi ni Cherehani. Mkoba wako ukalie kabisa, huyo rubani ni Mchaga."

Mutinta alitazama juu, akamtazama Nakijwa. "Na mashine nayo?"

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema Aikaeli. "Miaka yote tumekuwa tukirushiana maneno juu ya kichwa chake, unategemea aongee kama padri? Na huyu huyu ndiye atakayekuja kuninyang'anya kiti hiki, nirudi Marangu nikapalilie kahawa."

Nakijwa alicheka. Kauli hiyo alishaicheka mara nyingi mno, hata hakuisikia tena.

Mzaha wao usikudanganye. Siku hiyo ilikuwa ya kufa na kupona kwao. Ndege za bara zima zilikuwa zikitumia mafuta ya mbono, na mbono ulikuwa umekaukia mashambani kwa ukame. Baraza la Anga likatunga sheria: kuanzia mwaka mpya, ndege isiyoweza kuvuka bara kwa theluthi mbili za mafuta ya zamani haivuki mpaka wa nchi yoyote. Mbayuwayu halikuwa na ndege mpya hata moja. Lingeshindwa jaribio la leo, lingefungwa, karakana ingepigwa kufuli, na Cherehani angezimwa. Mutinta mwenyewe alikuwa amesimamia ujazaji wa tangi, theluthi mbili tu, akaupiga mfuniko lakiri. Walitakiwa kufika Accra bila kutua popote, na tangini ibaki moja ya kumi. Abiria hawakuwepo. Kwenye viti walifungwa magunia ya mchanga, kila moja na mkanda wake, na fundi mmoja mkorofi alikuwa amelivalisha la mbele kofia.

Wakapaa. Hewa ya pale inajulikana kwa ukorofi, inabanwa kati ya Kilimanjaro na milima ya Upare na kutoka upande wa pili ikiwa na hasira. Ndege nyingine hurushwarushwa hapo mpaka abiria wakumbuke madhambi yao. Lakini vipindo vilijikunja, vikajikunjua, vikaipokea hewa na kuilaza, na magunia ya mchanga hayakutikisika. Mutinta aliinama kwenye geji ya mafuta, akaipigapiga kwa ukucha akidhani imekwama.

"Haijakwama, mama," Nakijwa alimwambia, akijitahidi asitabasamu sana. "Ndivyo inavyokula."

"Inakula kama bi harusi," alisema Aikaeli.

Walipofika juu kabisa, kwenye baridi kali, Cherehani akaita. "Mpare! Hata leo joto unanipimia kwa kijiko?"

"Vaa sweta," Nakijwa akamjibu, na Aikaeli akacheka.

"Joto gani analosema?" Mutinta aliuliza.

"Anatania. Kwenye viungo vya vipindo tunapitisha hewa moto kutoka kwenye injini ili visigande. Hewa moto ni mafuta, kwa hiyo nimemwekea kiwango."

"Na kiwango kinamtosha?"

"Amelalamika tangu siku ya kwanza karakanani, na tumemzoea. Huyo hata umpe jua lote atasema umempunja."

Mutinta aliinua nyusi, akarudi kwenye geji yake.

Ziwa likapita chini yao, kisha msitu wa Kongo ukaanza, kijani kisicho na mwisho. Juu ya msitu mawingu yalikuwa yamesimama marefu na yenye maji. Aikaeli aliyapita mengine pembeni, mengine wakayapenya. Mafuta yalikuwa yamebaki mengi kuliko hesabu ilivyotaka, na Nakijwa akaanza kuruhusu moyo wake ushangilie kidogo, kwa siri.

"Mchaga," Cherehani alisema, "mkono wangu wa kushoto umekunja ngumi kama Mpare aliyeona sahani ya sadaka."

Aikaeli alicheka mpaka akafuta machozi. Nakijwa alijitahidi kutocheka, maana aliyepigwa kijembe ni yeye, lakini kicheko kilimshinda.

"Leo umepatikana!" Aikaeli alisema. "Umezaa mwenyewe, anakuumbua mwenyewe."

"Ngumi haifunguki, jamani," Cherehani aliongeza.

"Mwambie mchungaji aiombee," Nakijwa akasema, na hata Mutinta safari hii alicheka, kwani alianza kuuelewa mchezo.

Ndege ikaendelea. Vioo vilionyesha safari imetulia. Baada ya muda Mutinta akasema kwamba geji imeanza kushuka haraka kuliko mwanzo. Nakijwa aliangalia, akasema huenda ni upepo wa mbele. Aikaeli alikuwa ameacha kutabasamu, akiangalia soksi zake.

"Mtani," alisema. "Utani kando."

Nakijwa aligeuka. Katika miaka yote aliyomfahamu Aikaeli, hakuwahi kumsikia akitamka maneno hayo. Hata kwenye msiba wa mama yake Nakijwa, Aikaeli alikuja na haki zake zote za utani, akalizuia jeneza mlangoni akidai marehemu hajamrudishia sufuria, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Mwanamume huyo huyo sasa uso wake ulikuwa mkavu.

"Pedeli ya kulia imezama chini, na sikuikanyaga mimi," Aikaeli alisema. "Usukani wa kujiendesha ndio unaoikanyaga kimyakimya ili tusikate kona. Ndiyo maana vioo vinaonyesha tumetulia. Kuna kitu kinatuvuta kushoto, na kimeanza zamani."

Nakijwa alikimbilia dirishani. Kule mbali, kwenye ncha ya bawa, kipindo cha kushoto kilikuwa kimejikunja na kuganda, manyoya yote yameshikamana, na nyuma yake kisulisuli kimoja kinene kilikuwa kinayachana mawingu.

"Cherehani! Hali ya kipindo cha kushoto!"

"Si nimeshasema? Kimekunja ngumi."

"Utani kando, Cherehani!"

"Neno hilo silijui," Cherehani alisema. "Karakanani hamkulitumia hata siku moja."

Nakijwa alivuta pumzi. "Maana yake, sema ukweli mtupu. Bila kumcheka mtu."

"Mimi nimekuwa nikisema ukweli mtupu tangu mwanzo," alijibu Cherehani. "Nilidhani hivi ndivyo unavyosemwa."

Mwacheni mtu acheke, lakini nawaambia, hakuna kibao kinachouma kama hicho. Mtoto amelia njaa mwaka hadi mwaka, na wazazi wanasifu sauti yake nzuri.

"Haya, sema tena," Nakijwa alisema polepole. "Namna yoyote unayojua."

"Maji ya mawingu yameingia kwenye kiungo cha kushoto, yameganda. Joto unalonipa halitoshi kuyayeyusha. Halijawahi kutosha. Viungo vyote viwili vina ubaridi siku zote, hata karakanani kwenye chumba cha majaribio, hata leo huko tulikotoka. Nilikuwa navisukuma hivyo hivyo."

Nakijwa alikaa. Kiwango kile cha joto alikiweka yeye mwenyewe, na alijivunia. Kila alipokipunguza, alihesabu mafuta aliyookoa, na kila Cherehani alipolalamika, alipata neno la kumjibu na mafundi wote wakacheka. Bure kabisa! Alikuwa amebana mahali pasipobanwa.

Mutinta alizungumza kwa upole. "Kisangani haiko mbali. Tukitua pale hakuna atakayeumia. Lakini jaribio litakuwa limekwisha, na sitaweza kuwasaidia."

"Nikimfungulia joto?" Nakijwa aliuliza, akijiuliza mwenyewe zaidi. "Litakula akiba. Cherehani, utahitaji kiasi gani?"

"Sijui. Sijawahi kushiba."

Nakijwa aliitazama geji, kisha akaitazama mikono yake. Mafuta yaliyobaki yalitosha Accra kama kipindo kingefunguka upesi. Kisipofunguka, watakuwa wameyamwaga mafuta ya mwisho ya Mbayuwayu juu ya msitu. Aikaeli aliushika usukani kwa mikono miwili, akauzima ule wa kujiendesha, na ndege ikaanza kuvuta kushoto waziwazi, naye akaizuia kwa mguu.

"Mimi naishikilia," alisema. "Amua wewe. Ila mkono mtupu haulambwi, mtani."

Nakijwa akanyoosha kidole kwenye kioo, akakifuta kiwango. Hakukipandisha; alikifuta chote.

"Chukua unalotaka," alimwambia Cherehani. "Ushibe."

Geji ilishuka. Ilishuka kwa namna ambayo Mutinta aligeuza uso. Injini zilibadilisha sauti, ndege ikatetemeka, na magunia ya mchanga yakaanza kusuguana kule nyuma. Nakijwa aliganda dirishani. Kisha kipande cha barafu kikabanduka kutoka kwenye kiungo na kupotea nyuma. Kikafuata kingine. Unyoya mmoja wa kipindo ukajitenga na wenzake, ukatikisika. Wa pili. Halafu yote yakafunguka kwa mpigo, trrr! Pedeli ya kulia ikapanda yenyewe chini ya soksi ya Aikaeli, na Aikaeli akapiga yowe lililosikika, nadhani, mpaka Marangu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Vile viungo, kwa mara ya kwanza tangu viundwe, vilikuwa na joto. Vilianza kwenda haraka kuliko vilivyowahi kwenda karakanani, vikazishika pepo ndogondogo ambazo zamani zilivipita, vikazipinda na kuzipanga. Mshale wa geji uliposimama, Nakijwa alidhani safari hii umekwama kweli. Akapiga hesabu. Akapiga tena. Walikuwa wanatumia mafuta pungufu kuliko siku yoyote ya majaribio, na hilo joto lote likiwa limehesabiwa ndani.

"Njooni muone," Mutinta aliita.

Alikuwa ameifungua kamera ya nyuma. Ndege nyingine ikipita mawinguni huyaacha yamevurugika kama uji uliokorogwa. Nyuma yao mawingu yalikuwa yamelala. Wangeambiwa hakuna chochote kilichopita hapo, wangeamini.

"Mama yangu weee," alisema Nakijwa, na akalia bila aibu yoyote.

Walitua Accra jua likiwa bado juu. Habari zilikuwa zimewatangulia. Mafundi wa mashirika mengine walikuwa wamepanga mstari uwanjani, na ngazi ilipofika tu, wakapita pembeni yake na kwenda moja kwa moja kwenye ncha za mabawa. Wengine walivishika vipindo kwa viganja, wengine walivisogelea kwa masikio. Mutinta aliteremka, akaivunja lakiri mbele ya macho ya wote na kupima mafuta. Haikubaki moja ya kumi tu. Ilibaki moja ya tano! Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe, na kuna fundi mmoja mnene ambaye alimbeba mwenzake mgongoni bila sababu yoyote.

Mbayuwayu limepita. Karakana haifungwi. Mabawa yote ya bara yatashonwa vipindo.

Katika chumba cha marubani Aikaeli alikuwa anavaa viatu. Nakijwa alisimama karibu yake. Angeweza kuteremka, watu walikuwa wakiliita jina lake kule nje, lakini kuna jambo lilikuwa limemkwama tangu Kongo.

"Ile ya kurudi Marangu kupalilia kahawa," alisema. "Umeisema miaka mingapi?"

"Aa, si utani tu."

"Utani kando, Kapteni."

Aikaeli alifunga kamba za kiatu, akazifungua, akazifunga tena. "Wakubwa wanasema mwakani watakiondoa hata chumba hiki, waongeze viti," alisema. "Silali, mtani. Nimeruka tangu nikiwa kijana. Sijui kufanya kitu kingine, na kahawa yenyewe siipendi."

Nakijwa alitikisa kichwa. Mutinta aliporudi na cheti mkononi, hakumpa nafasi ya kutoa pongezi.

"Mama Mkaguzi, kabla hujatia sahihi, weka sharti. Hakuna ndege itakayobeba vipindo vyangu bila rubani mwenye miguu juu ya pedeli."

"Wakubwa wako hawatafurahi."

"Watanuna, na mimi si mtani wao. Vioo vyote vilisema tumetulia. Soksi za huyu bwana ndizo zilizosema kweli."

Mutinta aliwaza kidogo, akaandika. "Nami naongeza la kwangu," alisema. "Cherehani hatabeba abiria hata mmoja kabla hajajifunza vizuri lile neno lenu."

"Nimeshajifunza," ilisema spika. "Mpare!"

"Naam."

"Utani kando."

Wote watatu walishtuka. Aikaeli aliangalia pedeli, Mutinta akaangalia geji, Nakijwa akakimbilia dirishani. Vipindo vilikuwa vimetulia juani, vimezungukwa na watu.

"Kuna nini? Sema!"

"Hakuna kilichoharibika," Cherehani alisema. "Nilitaka tu ujue. Ile baridi ilikuwa inauma."

Nakijwa alifungua mdomo, na jibu la kumchekesha lilikuwa tayari ulimini, kama kawaida yake. Akalimeza.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana."